Maswali na Majibu: Mshumaa wa Kujitengenezea

SWALI: Utambi ni uzi wa pamba tu. Uzi mtupu ukiwashwa huteketea mara moja; mbona ndani ya mshumaa hudumu kwa saa nyingi?

JIBU: Kwa sababu chakula cha moto huo si uzi bali ni nta, na hata nta yenyewe haiungui ikiwa ngumu wala ikiwa majimaji, mpaka igeuke mvuke. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo karibu, utambi huifyonza na kuipandisha, na inapofika juu hugeuka mvuke unaoshika moto. Ukitaka kuhakikisha, uache mshumaa uwake dakika chache, uuzime taratibu mahali pasipo upepo, kisha usogeze njiti inayowaka kwenye moshi mweupe unaopanda: moto utashuka kupitia moshi huo hadi utambini, ingawa njiti haikuugusa. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaonyesha vijana jambo hilo London katika mihadhara yake ya Krismasi ya mwaka 1860, na mpaka leo sijaona somo la sayansi la bei nafuu kuliko hilo.

SWALI: Nafuga nyuki Tabora. Mishumaa yangu ya nta huchimba shimo katikati na kuzimika, huku pembeni nta ikibaki nzima.

JIBU: Utambi wako ni mwembamba mno. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na utambi unaoufaa mshumaa wa parafini mara nyingi huwa haba kwake. Tumia ulio mnene zaidi. Uyeyushaji ufanyike katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja. Nta ikishika moto, zima jiko na uifunike kwa mfuniko. Ukiimwagia maji, yatachemka ghafla na kuirusha huku ikiwaka.

SWALI: Tulifunika mshumaa kwa glasi ndani ya sahani ya maji, na maji yakapanda. Mwalimu alisema yamechukua nafasi ya oksijeni. Je, ni kweli?

JIBU: Maelezo hayo yamezoeleka, lakini yanapotosha. Mwali hufa kabla oksijeni haijakwisha, na kaboni dayoksaidi inayozaliwa huchukua sehemu ya nafasi iliyoachwa. Sababu kubwa ni joto: hewa iliyotanuka kwa mwali hupoa na kusinyaa, ndipo maji yanaposukumwa ndani. Rudieni jaribio mkiwa makini, nanyi mtaona maji yakipanda kwa kasi hasa baada ya mwali kuzimika. Na glasi ikifunikwa haraka, huenda mkaona viputo vya hewa vikitoroka chini ya ukingo wake.

SWALI: Kwa nini mshumaa wangu hutoa masizi?

JIBU: Utambi ni mrefu kupita kiasi, hivyo mvuke unakuwa mwingi kuliko hewa inayoweza kuuunguza. Ukate ubaki milimita 6 hivi kabla ya kuwasha. Lakini usiyachukie masizi kabisa, kwani ni chembe zake zinazong'aa kwa joto ndani ya mwali ndizo zinazokupa ule mwanga wa manjano.