Mapambo ya Noeli kwenye avenyu ya wote

SWALI: Avenyu yetu hapa Katuba, Lubumbashi, inachanga pesa za taa na pango la Noeli (sanamu za kuzaliwa kwa Yesu). Jirani Mwislamu na mama mmoja Shahidi wa Yehova wamenung'unika. Tuache?

JIBU: Msiache, ndugu, tenganisheni vitu. Taa na maua ya karatasi havina dini, pango linayo. Waislamu wanamheshimu Isa na mama yake Mariamu, lakini sanamu ya nabii inawakwaza. Basi pango likae ndani ya uwanja wa anayelitaka, si kwenye njia panda. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Noeli kabisa, kwa hiyo mchango uwe wa hiari. Na msiandike karatasi ya majina ya "hawajatoa": inaumiza kuliko pambo lolote! Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dini.

Halafu, Desemba ni mvua. Nunueni taa za nje. Waya ulegee chini ya prizi kabla ya kupanda, maji yadondokee hapo yasiingie ndani. Utepe wa kufungia waya peke yake hauzuii maji.