Uganda Si "Hapo Tu": Ya Kujua Kabla Hujavuka Busia Mara ya Kwanza

Sisi watu wa Kisumu tuna shida moja, Uganda hatuihesabu kama ng'ambo. Ng'ambo kwetu ni pale familia nzima inakodi matatu kukusindikiza uwanja wa ndege na mama analia. Uganda ni hapo tu, kwenye mayai na ndizi hutoka. Ndio maana binamu yangu alipopata mchumba Muganda na tukaalikwa Kampala kwa kwanjula, yaani ile sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe, mimi nilipaki nguo usiku wa kuamkia safari bila kuuliza mtu swali hata moja. Sasa nimeenda mara nne, na kila mtu akitaka kwenda ananipigia mimi, kwa hivyo acha niandike mara moja yaishe.

Stakabadhi kwanza. Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, hiyo imekuwepo tangu 2014, nchi zilizokubaliana ni Kenya, Uganda na Rwanda. Kama una pasipoti beba, itakusaidia mbele nitakuambia wapi. Lakini kitu kinachorudisha watu nyumbani si kitambulisho, ni kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Mimi nilikuwa nayo kwa bahati tu, nilichanjwa zamani nikitafuta kazi ya nje ambayo haikutokea. Kwenye kundi letu kulikuwa na mjomba mmoja alikuja na suti mpya na bila kadi, akaambiwa akae kando, akabembeleza weee, mwishowe akarudi Kisumu na suti yake kwa mkono. Na huwezi kusema utachanjwa leo uvuke kesho, cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Uzuri ni kwamba ukishachanjwa umemaliza, tangu 2016 ile habari ya kurudia kila miaka 10 iliondolewa.

Kutoka Kisumu unapanda matatu ya Busia, mji wa mpakani, mnapita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, mmefika. Hapo Busia siku hizi unakaguliwa sehemu moja tu, ukienda Uganda unapita upande wa Kenya moja kwa moja, halafu kwenye jengo la Uganda unakuta maofisa wa nchi zote mbili wamekaa karibu karibu, Mkenya anakutoa, Mganda anakuingiza. Ukiwa kwenye basi lazima ushuke upite kwa miguu kisha ulipate basi mbele, sasa kariri namba ya gari kabla hujashuka kwa sababu mabasi pale yanafanana. Utaona pia vijana wa boda wanakunong'oneza eti watakuvusha kwa njia ya panya dakika mbili. Kataa. Kuvuka utavuka, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba uliingia, na siku ukiulizwa Kampala uliingiaje utajibu nini?

Pesa nayo ilinitoa jasho. Wakati ule shilingi yetu moja ilikuwa inaenda kwa kama 28 zao, nikabadilisha 5,000 nikapewa laki na arobaini, nikajiona tajiri kabisa. Badilisha kwenye duka lenye ubao wa bei, si kwa mtu anayekukimbilia na bunda mkononi, na hesabu hapo hapo mbele yake hata akinuna. Halafu zoea rangi za noti ukiwa bado na mwanga, 5,000 ni ya kijani, 50,000 ni ya manjano. Mimi sikuzoea. Tulifika Kampala usiku, nikachukua boda ya 5,000, chini ya taa hafifu ya kibanda cha chapati nikahesabu sufuri vibaya nikatoa 50,000. Yule kijana akaishika, akaigeuza, akaniangalia usoni, akawasha pikipiki akaenda. Nilikuja kujua asubuhi nikitafuta pesa ya chai. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni karibu 1,800 ya kwetu kwa safari ya dakika 10.

Na wewe uliyezoea kulipa hadi nyanya kwa M-Pesa, Kampala utakaa na simu yako mkononi ikiwa pambo. Beba keshi, au mwombe mwenyeji wako akupokelee kwa mtandao wa kule. Laini ya Uganda ndio hapo pasipoti inaingia, duka nililoenda na kitambulisho waliniomba pasipoti, sikuwa nayo, nikaishi kwa hotspoti ya shemeji siku tatu kama ombaomba.

Barabarani kitu kimoja kitakuchanganya, matatu wanaiita taksi. Teksi ya kukodi peke yako wanaita speshoo. Kwa hivyo ukiambiwa "panda taksi" usiogope bei, ni ile ile yetu ya watu 14. Kutoka Busia ni kilomita kama 200 hivi, unapita Bugiri, Iganga, Jinja pale unavuka mto Nile, halafu msitu wa Mabira. Baada ya Mabira usilale! Pale Namawojjolo gari likisimama tu, madirisha yote yanajaa mikono, kuku wa kuchoma kwenye vijiti, gonja, maji, na wote wanaongea na wewe kwa wakati mmoja. Nunua gonja, ni ndizi tamu ya kuchoma, ikiwa moto hivyo utasahau foleni ya Mukono inayokungoja, na hiyo foleni ni ya kweli.

Kiswahili chako usikitegemee sana. Kampala wengi wanajua Luganda na Kiingereza, Kiswahili wazee wengine wanakisikia kama lugha ya askari. Jifunze "ssebo" kwa mwanaume, "nnyabo" kwa mwanamke, na "webale" ya asante. Na salimia kwanza. Sisi tunaingia dukani tunasema "nipe maji ya hamsini", kule nilifanya hivyo mama wa duka akaniangalia tu, akanyamaza, mpaka nikasema "oli otya nnyabo" ndio akatabasamu akanifungulia friji.

Ukialikwa sherehe uliza mavazi mapema. Kwenye kwanjula wanaume wetu walivaa kanzu na koti juu, sisi wanawake gomesi, lile gauni la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Hakuna aliyeniambia kwamba nitasalimia wazee nikiwa nimepiga magoti. Kupiga magoti nilipiga, kuinuka na gomesi ya kukodi ndio ilihitaji watu wawili.

Saa ni ile ile, soketi za ukutani ni zile zile, wanaendesha kushoto kama sisi, hayo usiyahangaikie.

Kurudi sasa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Uganda wao kavera, yaani mifuko hiyo hiyo, bado ziko kila mahali, na unanunua vitu ukisahau kabisa. Ilikuwa Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, nikanunua za kukaanga za kutosha ukoo mzima, zimefungwa kwenye kavera nyeusi. Busia ofisa akaniambia kwa upole, mama, hiyo mfuko haivuki. Senene zilikuwa halali, mfuko ndio shida. Nikachuchumaa pale pembeni nikatandaza leso yangu, nikamimina senene zote, nikafunga fundo, nikamkabidhi kavera yake. Mpaka tunafika Ugunja abiria wa nyuma yangu alikuwa ameshauliza mara tatu ni nini kinanukia hivyo, na Yala nikafungua fundo.