Jani la muhindi lilivyonipa fangasi wa jicho

Lilinichapa jani kavu wakati tunakonyoa mahindi kwa baba, Mbozi, mwezi wa saba. Jicho la kulia. Nilisugua kwa kiganja, nikanawa maji ya dumu, kazi ikaendelea. Siku ya tatu jicho jekundu, machozi hayakatiki, na mwanga ukawa adui.

Duka la dawa nilipewa matone ya deksamethasone, dawa ya jamii ya steroidi ya kutuliza uvimbe na wekundu. Hapo ndipo nilipoponzeka. Siku mbili wekundu ulipungua, nikamsifia muuzaji hadi kwa majirani. Siku ya sita nilijitazama kwenye kioo cha pikipiki nikaona doa jeupe juu ya weusi wa jicho, kingo zake zimechambuka kama pamba.

Hospitali, daktari wa macho alidondosha rangi, akamulika kwa taa ya buluu, kidonda kikang'aa kijani. Akakwangua kidogo na kwenda kuangalia kwenye hadubini. Nyuzinyuzi tupu: fangasi.

Kumbe Aspergillus flavus, yule yule anayetia mahindi sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, huweza kuota kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Fusarium, fangasi mwingine, naye hivyo hivyo. (Si kwa kula ugali, jamani, anaingilia kwenye mchubuko.) Akishaingia hutema vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni, protini inayoipa konea uimara. Wengine huongeza na sumu: gliotoksini ya Aspergillus fumigatus hulemaza chembe nyeupe za damu, yaani askari wetu. Sasa steroidi kama ile niliyopewa nayo huwalaza askari hao hao. Ndiyo maana wekundu ulipungua huku fangasi anajilia.

Kwa hiyo jicho likichubuliwa na jani au kijiti, usiweke tone lolote kabla halijapimwa. Shangazi alileta majani ya kutwanga. Nilimshukuru, nikayaweka dirishani.

Dawa niliyopewa ni natamaisini ya asilimia 5, matone ya kuua fangasi, ambayo tangu 2017 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwanzoni ni kila saa, usiku na mchana. Mke wangu alitegesha kengele ya simu. Maumivu yalipotulia nilitaka kuacha, daktari akanifokea. Ilichukua wiki nyingi.

Chamba kidogo kimebaki, na usiku taa za magari hunitawanyikia. Msimu huu nimevaa miwani ya plastiki, ile ya mafundi wa grinda. Vijana shambani wananiita Fundi.