Gasketi ya loa amu? Haipo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari dogo, nililinunua likiwa limetumika. Mwezi wa tatu mguu wa mbele kushoto ulianza kugonga kila nikipita kwenye matuta. Gereji wakaniambia bushi za loa amu zimekufa, nikanunua mpya zikafungwa. Miezi minne haijaisha, mlio umerudi. Nikaenda kwa fundi mwingine, kijana akachungulia chini, akaniandikia kikaratasi: "gasketi 2 za loa amu". Muuza spea alipokisoma akacheka, akaniuliza gasketi ya wapi hiyo. Kwani gasketi na bushi si kitu kimoja?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Aliyepaswa kuona haya ni huyo kijana mwenye kalamu. Kwenye loa amu, yaani ule mkono wa chuma wa chini unaounganisha gurudumu na bodi, hakuna gasketi, na muuza spea amekuokolea hela.

Nadhani najua kilichomchanganya. Vyote viwili hukaa katikati ya vyuma viwili, na mara nyingi vyote ni vyeusi, vya mpira. Lakini uliza swali moja: hapo kilipokaa, kuna kinachocheza? Mfuniko wa preshakuka yako ukishafungwa hauchezi. Ule mpira wa duara unabanwa tu ili mvuke usitoke. Hiyo ndiyo gasketi. Kwenye injini iko chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu), iko kwenye sampu (karai la oili la chini), na ile kubwa iko chini ya silinda hedi (kichwa cha injini), ikizuia moto, maji na oili visiingiliane. Ikiungua hiyo, maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanakomwagikia, na oili huweza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hutengenezwa kwa karatasi ngumu, koki, mpira, shaba au mabati yaliyopangwa tabaka kwa tabaka. Ikishabanwa ikalala, ukifungua hedi usiirudishe. (Na wanaopaka silikoni kama wanapaka siagi kwenye mkate, waache. Inayozidi humeguka ndani ya sampu ikaziba chujio la pampu ya oili.)

Bushi hukaa penye mchezo. Anayechota maji kwenye pampu ya mkono ya Afridev ameziona, ni zile za plastiki kwenye egemeo la mpini. Kwenye stata ya gari ni kibomba cha shaba nyeusi kinachoshika ncha ya shafti. Kazi yake ni kuliwa yenyewe ili chuma cha bei kisiliwe.

Sasa ya kwako, na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Bushi ya loa amu ni bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, katikati mpira ulioshikana nazo. Bomba la nje limeshindiliwa kwa presi ndani ya loa amu. La ndani limebanwa na bolti kwenye bodi. Ukipanda tuta, bomba haziteleziani, ni mpira unaojinyonga kisha ukarudi. Fundi akikaza ile bolti gari likiwa juu ya jeki, mguu unaning'inia, mpira unashikwa katika hali hiyo. Ukishusha gari, tayari umenyongwa, na utabaki umenyongwa hata ukiwa umeegesha nyumbani usiku kucha. Utachanika mapema.

Nalijua kosa hili kwa sababu nimelifanya. Nikiwa kijana nilimfungia mwalimu mmoja bushi, akarudi mara mbili, na mara zote mbili nililaumu mpira wa dukani. Mzee aliyenifundisha kazi akaja, hakusema neno, akalegeza bolti gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake. Loa amu ikaruka kidogo, "tk!". Nikaelewa.

Kwa hiyo usinunue kitu kwanza. Mwambie fundi atie mtaimbo pembeni ya bushi, akandamize taratibu, muone kama mpira umeachana na chuma. Aguse na boli jointi (kile kiungo cha duara kwenye ncha ya loa amu) pamoja na lingi za stabilaiza (vijiti vya ile fito inayozuia gari kulala kwenye kona), maana hizo nazo hugonga vilevile, na sijaliona gari lako. Kama ni bushi, ondoka na ile ya zamani mkononi uende nayo dukani, usitegemee karatasi. Wakati wa kufunga, bolti za loa amu ziingizwe kwa mkono tu, gari lishushwe likae na uzito wake, ndipo zikazwe. Kama gereji haina shimo la kuingia chini ya gari na chini hapafikiki, aweke jeki chini ya loa amu, aipandishe hadi gari lianze kuinuka, akaze hapo. Simama uone kwa macho yako, hata kama atanuna.

Ukitoka hapo pitia alaimenti, wanyooshe mwelekeo wa magurudumu, kabla hujarudi nyumbani, la sivyo mwezi ujao utaniandikia kuhusu matairi.