Airisi ya Siberia Dar? Mkuu, usilipe hiyo hela

Kama bado hujatuma, simama hapo hapo. Umesema unaagiza mashina 12 ya airisi ya Siberia, ua la nchi za baridi, toka Uingereza uyapande Mbezi Beach, ukauliza samadi gani, nafasi gani, na maua gani yakae jirani. Samadi ya nini? Halitachanua.

Shida ni baridi. Hilo ua kwao majani hufa yote, shina lake la chini (kama tangawizi nyembamba) linalala wiki nyingi kwenye udongo wa baridi kali, ndipo litoe kikonyo. Linavumilia hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Sisi Julai, usiku ukipoa kweli, ni nyuzi 18. Kwake huo ni mchana wa kiangazi. Utapata majani membamba kama nyasi, yanadhoofika kila mwezi, halafu masika inakuja, maji ya moto yanatuama, shina linaoza. Nyasi za bei hiyo hata ng'ombe angeona aibu kuzila.

Na wale wa "weka kwenye friji lipate baridi" mtakuja tu, nawajua. Hiyo ni ya tulipu, ua lingine la Ulaya: kitunguu chake kina akiba ndani na ganda nje. Airisi hii mizizi haitakiwi kukauka hata kidogo. Miezi mitatu kwenye friji ama imekauka ama ina ukungu. Ikipona, utaing'oa kila mwaka? Ikihamishwa tu huweza kukaa mwaka mzima ikijipanga kabla ya kuchanua.

Muuzaji anaandika "ua gumu, halisumbui". Katalogi ya Ulaya ikisema gumu, maana yake halifi kwa barafu. Kuhusu Dar saa nane mchana haijasema kitu. Aliyeniuzia mimi alijua natuma hela toka wapi, akapokea, akaniwekea na kiemoji cha ua. Bado hapo kibali cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na cheti cha afya ya mimea, navyo ni juu yako.

Kabla ya picha, uliza ua linataka baridi kiasi gani. Likitaka, achana nalo, hata likiwa la bure.

Unataka sura ile ile? Tafuta neomarika, ya Brazili: jani la upanga, ua jeupe na buluu. Kila ua ni la siku moja, lakini yanafuatana. Kivuli cha nusu siku, sentimita 40 kati ya shina na shina, usilizike sana. Kikonyo kikiinama na kitoto (mche mdogo) nchani, kibane kwenye udongo na jiwe. Kikishika mizizi, kata.