Kuhamia wingu: leja iwe ya mwisho

Ndugu, umeuliza kama SACCO yenu hapo Mbale ihamishe kila kitu kwenye wingu (kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti) kwa mkupuo. Hapana. Anzeni na nakala rudufu na seva za majaribio. Leja ya wanachama, yaani daftari la akiba na mikopo yao, ije mwisho.

Kinachowaponza wengi ni kupeleka hifadhidata kwenye wingu lililoko Afrika Kusini huku programu ikibaki Uganda. Skrini moja ya keshia ikiuliza hifadhidata mara 40, na kila swali likichukua milisekunde 60 kwenda na kurudi, mtu dirishani anangoja sekunde 2.4 kabla salio halijaonekana. Vihamisheni pamoja au viacheni pamoja.

Laini ya pili ya intaneti ipite njia nyingine kabisa, moja Malaba (mpaka wa Kenya) na nyingine Mutukula (mpaka wa Tanzania). Kampuni mbili zikikodi waya uleule, mna laini moja na bili mbili (waulizeni hilo, nao watoe jibu kwa maandishi).

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haikatazi data kutoka Uganda, ila inakopelekwa pawe na ulinzi unaolingana, au mwenye data aridhie. Funguo za usimbaji, zinazofungua data iliyofichwa, shikeni wenyewe. Halafu jaribuni kurejesha nakala nzima. Bili ya kutoa data kwenye wingu ndipo hujitokeza.