Usiache kwa ajili ya kilo 3 za Idi, soma yaliyonikuta mimi

Mdogo wangu wa Lindi, nimesoma ulivoandika, miezi miwili umehangaika ukashuka kilo 5, Idi ikaingia, siku nne za pilau na tambi na soda huku kwa shangazi huku kwa mama mdogo, umepanda mzani kilo 3 zimerudi na sasa unataka kuacha. Imeniuma kwakweli, mana mimi niliacha kwa jambo kama hilohilo nikapoteza karibu mwaka.

Kwanza hizo kilo 3 sio mafuta yote. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwahiyo kilo 3 ungetakiwa ule kalori 23,000 na zaidi, tena juu ya zile unazotumia kila siku, kwa siku nne tu hiyo ngumu sana. Wanga ukihifadhiwa mwilini kila gramu inashika maji kama gramu 3 hivi, weka na chumvi, sehemu kubwa hapo ni maji. Kula kama ulivokuwa unakula, mzani uache wiki nzima.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara, kazi ya kukaa kutwa. Nilianza na kilo 94, presha imeshaanza kupanda, nikawa natembea kila alfajiri hadi Shangani baharini na kurudi, wali wa nazi nikaupunguza nikaweka mboga nyingi na samaki wa kuchoma, nikafika 86. Kisha nikateguka mguu, wiki tano sitembei, na msimu wa korosho ndo huo umefunguka watu wana hela, kila mtu anataka nguo ya sherehe, nalala saa saba usiku naamka na chai na vitumbua, korosho ziko mezani natafuna huku nashona bila kuhesabu, na korosho gramu 100 tu ina kalori kama 550. Nikajikuta 91. Nikasema basi, mwili wangu ndo ulivyo, nikaacha hadi msimu mwingine unakaribia.

Kilichonirudisha ni daftari la vipimo. Siku naanza nilijiandika humo kama mteja, tarehe, kiuno, nyonga, mkono. Kiuno kilikuwa sentimita 109. Siku hiyo natafuta vipimo vya mteja nikaangukia ukurasa wangu, nikachukua futi nikajipima, 104. Yaani mwaka mzima najiambia nimerudi mwanzo na wala sikuwa nimerudi! Nililia pale kwenye cherehani.

Toka hapo nimejiwekea jambo moja, nikiharibu mchana narekebisha usiku uleule, sisubiri jumatatu wala mwezi mpya. Nikialikwa unyagoni nakula, tena kwa furaha, kesho yake alfajiri niko njiani. Mguu ukiuma natembea robo saa, siachi yote.

Na jiandae, kuna kipindi utakwama. Mimi niliganda kwenye 83 wiki saba, mwili ukipungua unahitaji chakula kidogo kuliko ulipokuwa mzito, kwahiyo sahani iliyokupunguza mwanzo inafika mahali inakushikilia tu palepale. Nilipunguza ugali wa muhogo kidogo, mafuta ya kupikia nikawa napima kwa kijiko badala ya kumimina, mzani ukaanza kushuka tena. Ile chai ya kukata tumbo wanayouza mitandaoni usiguse, mimi iliniharisha siku tatu tu basi.

La watu ndo zito kuliko yote. Huku kwetu ukikonda wanakuuliza unaumwa nini, wengine hawaulizi wanasemea pembeni. Mama mkwe wangu alikuwa ananiongezea wali huku machozi yanamlenga. Nilimkalisha nikamwambia mama, presha yangu ilikuwa inapanda, nataka nilee wajukuu wako, kuanzia siku hiyo yeye ndo ananichemshia ming'oko, vile viazi vya porini, badala ya kunikaangia maandazi.

Sa hivi nina 79. Wewe leo jioni tafuta futi, pima kiuno, andika na tarehe, halafu uje uniambie ulianza na ngapi.